Programu ya Mvua kwa Neno Moja

Klementi, bwana shamba wa chama chetu cha mpunga hapa Bugarama, ameniomba niwaandikie ninyi mtakaokalia kiti changu maelezo ya mitambo ya ofisi. Nilianza na orodha ya nywila na nyaya, nikaona haina maana. Nywila mtazibadilisha wiki ya kwanza, na ndivyo inavyopasa. Nyaya mtazifuata kwa macho. Heri niwaeleze jinsi mambo yalivyofika hapo yalipo. Makosa nitayataja pia, kwa kuwa mengi ni yangu na ninayajua kuliko mtu mwingine.

Mimi ni mtu wa Kamembe. Baba alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio, nami nikaanzia hapo, kwenye taipureta na mashine za fotokopi. Fundi wa taipureta huingia kwenye kompyuta na tabia moja mbaya: anataka kuona kilichovunjika. Taipureta ikikwama unaona herufi iliyopinda. Kompyuta ikikwama unaona skrini ileile, safi kama jana. Ilinichukua miaka kuzoea.

Chama kiliniajiri nikiwa tayari baba wa watoto watatu. Siku ya kwanza nilikabidhiwa ufunguo wa chumba, kompyuta tatu, na printa ambayo ndani yake kulikuwa na panya aliyekufa. Katibu wa chama, Maman Esperansi, alisimama mlangoni na leso puani.

"Papa Swaibu, ii mashine inakataa tangu Pasaka," aliniambia. "Bafundi batatu balishaiangalia."

"Walifungua kifuniko?"

"Baliangalia tu."

Nilifungua kifuniko. Hivyo ndivyo nilivyopata jina la ufundi katika chama hiki, na sikuwahi kuwasahihisha watu.

Programu sikufundishwa shuleni. Alinifundisha Papa Bahati, mzee wa Bukavu, upande wa Kongo, aliyekuwa akisomesha kompyuta huko kwao na kuvuka daraja kila Jumamosi kuja Kamembe, ambako dada yake ana duka la vitenge. Tulikaa nyuma ya duka, kati ya marobota, na kompyuta yangu juu ya meza ya kukatia vitambaa. Alikuwa na swali moja ambalo lilinichosha kabla halijaniokoa. Nikimwambia programu imekataa, alisema, "Imekataa vipi? Mashine imekwambia nini? Nipe neno kwa neno." Kama sikukumbuka maneno, alinirudisha nyumbani. Jumamosi mbili nilivuka mji mzima na kurudi bure kwa sababu ya uvivu wa kunakili mstari mmoja.

Sasa, programu ya mvua. Ninyi mnaijua kama neno mnaloliandika asubuhi, kwa hiyo niwaeleze kazi yake kama mtu asiyewahi kuiona. Mvua inayotuumiza sisi wa bondeni hainyeshi kwetu. Inanyesha juu, Nyakabuye na Rwimbogo, kisha baada ya saa mbili au tatu mto unatuletea. Mahali mfereji mkuu unapoanzia pana mlango wa chuma, na mlinzi wake ni Mzee Karoli. Mlango ukifungwa mapema, mafuriko yanaendelea na safari yake mtoni. Ukichelewa, yanaingia mashambani pamoja na matope. Zamani Mzee Karoli alikuwa akiangalia rangi ya maji, na mara nyingi alipatia. Shida ni kwamba rangi ikishabadilika, muda umekwisha: kufunga mlango ule kwa mkono ni kazi ya nusu saa.

Tuliweka vipimo vya mvua kwa wanachama wanne wa huko juu. Kila asubuhi, na kila mvua inaponyesha, wanasoma kipimo na kutuma namba kwa ujumbe wa simu. Simu ya ofisi inaziingiza kwenye faili. Programu inasoma faili hilo, inajumlisha, inalinganisha na kimo cha mto, kisha inaandika neno moja kwenye skrini: SUBIRI au FUNGA.

Niliiandika kwa CoffeeScript. Siku zile ilikuwa lugha ya kisasa. Leo vijana wakiisikia wanacheka, nami nawaacha wacheke. Kompyuta haiielewi lugha hiyo yenyewe. Lazima kwanza itafsiriwe kuwa JavaScript, halafu chombo kiitwacho Node kiendeshe hiyo JavaScript. Kwa hiyo kila asubuhi niliandika amri nne: kuingia kwenye folda, kufuta tafsiri ya jana, kutafsiri upya, kuendesha. Vidole vilizizoea kama mtu anavyozoea kufunga vifungo vya shati. Sikuona kasoro yoyote, maana mtu pekee aliyeziandika alikuwa mimi.

Mwaka wa pili wa programu hiyo, mwanzoni mwa msimu, shangazi yangu alifariki Bukavu. Tulimzika asubuhi. Tulikuwa ndiyo kwanza tumetoka makaburini, viatu bado vina udongo, Maman Esperansi akanipigia.

"Papa Swaibu, pole na msiba. Unisamehe. Bantu ba Nyakabuye banasema mvua ni mingi tangu alfajiri. Namba zilishaingia. Nifanye nini na ii mashine?"

Nilijitenga na waombolezaji, nikamwambia afungue ile skrini nyeusi na aandike coffee.

"Na K?"

"Na C. F mbili, E mbili. Ni kahawa kwa Kiingereza."

"Lugha ya kompyuta inaitwa kahawa?"

"Ndiyo, Maman. Sasa acha nafasi, weka kistari, halafu c ndogo."

"Kistari cha chini ao cha katikati?"

"Cha katikati. Bila nafasi kati yake na c. Halafu nafasi tena, halafu mvua, nukta, coffee."

Nilimsikia akibonyeza herufi mojamoja. "Iko naniambia hakuna fisiye kama hiyo."

Fisiye kwake ni faili. Nilikuwa nimesahau kumwambia aingie kwanza kwenye folda. Tukaanza upya. Kwenye amri ya tatu laini ikakatika. Aliponipata tena, skrini yake ilikuwa imejaa maandishi, na katika maandishi hayo yote hapakuwa na neno SUBIRI wala FUNGA. Akasema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua, "Minaiacha. Minamuita Karoli." Lakini Mzee Karoli alimjibu kwamba maji yalishakuwa mekundu na alikuwa tayari anazungusha gurudumu la mlango.

Hakuwahi. Vitalu vya miche vya wanachama wa upande wa chini vilifunikwa na matope. Hakuna aliyekufa, na nyumba hazikuguswa, lakini watu wale walimwaga mbegu upya na kupanda wakiwa nyuma ya wenzao msimu mzima. Mama mmoja alikuja ofisini na mche mmoja mkononi, wenye matope, akauweka juu ya meza ya Maman Esperansi, akaondoka.

Wiki iliyofuata ulifanyika mkutano. Rais wa chama aliuliza kwa nini mlango ulichelewa kufungwa. Mtu wa nyuma akasema, "Katibu alishindwa mashine." Wengine wakaitikia. Maman Esperansi alisimama, akaeleza kwamba alipiga simu, kwamba aliandika alivyoambiwa. Alieleza vizuri, lakini mtu anayejieleza mbele ya watu waliopoteza miche hasikilizwi. Iliamuliwa aandikiwe barua ya onyo.

Mimi nilikuwa nimekaa safu ya pili. Nilijua kwamba fundi ambaye programu yake haiendeshwi asipokuwapo hajamaliza kuitengeneza. Nilijua hivyo pale pale, si baadaye. Nikanyamaza. Nilijiambia kwamba nina msiba. Msiba ulikuwa wa kweli, ila haukuwa sababu.

Jumamosi nilimweleza Papa Bahati yote, hata barua. Hakunilaumu. Aliuliza, "Uliandika programu, ao uliandika kazi ya kukufanya wewe uitwe kila siku?"

Nikaifungua kompyuta, nikamwonyesha faili.

"Lile faili lako," akaendelea, "mashine inajua kwamba ni programu?"

"Haijui. Ni maandishi tu. Mimi ndiye ninayeiambia iite CoffeeScript."

"Basi faili lenyewe liseme. Mstari wa kwanza kabisa, herufi ya kwanza kabisa."

Akaandika kwenye karatasi ya kukatia vitambaa:

#!/usr/bin/env coffee

Akanifafanulia polepole, na mimi nawafafanulia hivyohivyo. Mfumo unapoambiwa uendeshe faili, hutazama alama mbili za mwanzo. Ukikuta diezi, ile alama ya kwenye simu, ikifuatwa na mshangao, unajua kwamba maneno yanayofuata ni jina la chombo cha kuliendesha. Kile kipande cha env kinamaanisha: kitafute chombo kiitwacho coffee popote kilipowekwa kwenye mashine hii. Chombo hicho kikiitwa bila kistari cha c, kinatafsiri na kuendesha kwa mpigo mmoja, bila kuacha faili la JavaScript nyuma yake. Na CoffeeScript yenyewe haisumbuliwi na mstari ule, kwa kuwa katika lugha hiyo kila kinachoanza na diezi ni maelezo ya pembeni, hupitwa.

Nilikuwa nimefanya kazi ya amri nne kwa mwaka na zaidi, na dawa yake ilikuwa mstari mmoja ambao lugha yenyewe inaupuuza. Nilikasirika kidogo. Papa Bahati alikunja karatasi akanipa. "Bado," akasema. "Kuna ruhusa na kuna njia."

Ruhusa ni chmod +x: unaliambia faili kwamba linaruhusiwa kuendeshwa. Bila hiyo mstari wa kwanza ni pambo tu. Njia ni kuliweka faili katika mojawapo ya folda ambazo mfumo hutafuta amri. Niliondoa pia ile .coffee mwishoni mwa jina, maana mtumiaji hana haja ya kujua lugha uliyoandikia, kama vile mla wali asivyouliza jembe. Ndani ya faili niliandika mahali kamili pa faili la namba, ili mtu asihangaike yuko folda gani.

Jumatatu niliandika mvua, nikabonyeza kitufe. Ikajibu SUBIRI. Nje kulikuwa na jua kali, kwa hiyo ilisema kweli.

Nikamwita Maman Esperansi. Akaandika herufi nne, akabonyeza, akasoma neno. Akasubiri, akidhani kuna zaidi.

"Ni hii tu?"

"Ni hiyo tu."

Akanigeukia. "Na siku ile ulinifanya niandike ile bitu yote, na bantu bananingojea?"

Hakupaza sauti. Nilitoka, nikaenda moja kwa moja kwa rais wa chama. Katika mkutano uliofuata nilisimama nikasema mambo mawili: kwamba programu ilikuwa haijakamilika siku ya mafuriko, na kwamba nililijua hilo katika mkutano wa kwanza nikanyamaza. Kusema la pili kulikuwa kugumu kuliko la kwanza. Barua iliondolewa kwenye faili lake, nami nikaandikiwa yangu, na ilikuwa ndefu zaidi. Jioni nilimkuta Maman Esperansi akifunga madirisha. Nilimwomba radhi. Alisema, "Minakusikia. Sasa unifundishe ile mashine vizuri, nisingoje simu yako tena." Tulianza kesho yake, nusu saa kila siku kabla wanachama hawajafika, na tuliendelea karibu msimu mzima.

Msidhani iliishia hapo. Niliona tuiache mashine iendeshe mvua yenyewe kila saa, na kumtumia Mzee Karoli ujumbe wa simu ikisema FUNGA. Nikaiweka kwenye cron, ile ratiba ya mfumo. Nilipoiandika mwenyewe ilikwenda. Kwenye ratiba ilikaa kimya siku tatu, nami nikaridhika kwamba ni SUBIRI tupu. Siku ya nne nilikumbuka swali la mwalimu wangu, nikatafuta mashine ilikuwa inasema nini. Ilikuwa inasema, kila saa, kwamba haimjui coffee. Ratiba haipiti njia zilezile unazopita wewe ukiwa umekaa kwenye kiti. Ina orodha yake fupi ya folda. Nikaongeza folda ya coffee. Ikasema haimjui node, kwa sababu chombo cha coffee nacho ni programu yenye mstari wa kwanza unaotafuta node, na pale kwetu node ilikuwa imewekwa folda nyingine. Nikaongeza hiyo pia. Tangu hapo naandika njia zote juu kabisa ya ratiba, na ninawasihi msizifute eti kwa sababu programu inakwenda bila hizo mnapoijaribu kwa mkono.

Kesi ngumu kuliko zote aliileta Klementi mwenyewe, na amenikubalia niitaje. Alikuwa mgeni, amekuja na kompyuta yake ya Windows. Akaona kipimo kimoja cha Rwimbogo kimehamishwa, akafungua faili, akabadilisha jina la kijiji, akahifadhi, akalirudisha. Neno moja tu. Kesho yake asubuhi mvua ikakataa.

Nilikuwa Kamembe kwa daktari wa macho, matone yameshawekwa, sioni hata mkono wangu. Simu ikalia. Nilimtambua Maman Esperansi kwa sauti.

"Papa Swaibu, mvua imekataa."

Nilikaribia kumwambia asubiri nirudi. Badala yake nilimuuliza, "Imekwambia nini, Maman? Neno kwa neno."

"Inasema hakuna fisiye kama hiyo. Lakini ni ajabu. Jina ya fisiye inakosekana. Mustari unaanza na nukta mbili, juu ya nyingine."

Mashine huanza kwa kutaja kitu inachokitafuta. Mstari unaoanza na nukta mbili tupu una maana kwamba kitu hicho kina herufi isiyoonekana, inayorudisha maandishi mwanzo na kufuta jina. Windows humaliza kila mstari kwa alama mbili, mifumo yetu kwa moja. Ile ya ziada ilikuwa imeshikamana na neno coffee, na mfumo ukawa unatafuta chombo chenye jina lisilokuwapo duniani.

"Nani aligusa faili?"

"Klementi. Jana. Na kompyuta yake."

"Basi andika cat, nafasi, kistari, A kubwa, nafasi, halafu njia ya faili. Unaona nini mwisho wa mstari wa kwanza?"

Sikumsaidia na kistari safari hii. "Naona kofia, M, na dola," akasema. "Kila mustari iko na ile kofia na M."

"Hiyo kofia na M ndiyo alama ya ziada ya Windows. Tunaiondoa."

Alikuwa ameshaandika kwenye daftari lake amri ya kuondoa herufi, tuliyoitumia zamani kusafisha orodha ya wanachama. Aliisoma kwanza kwa sauti, nikasema ndiyo, akaibonyeza. Kisha akaandika mvua. Ikasema SUBIRI. Daktari aliyekuwa ameshika taa mbele ya jicho langu aliuliza kama naweza sasa kuacha kutingisha kichwa.

Klementi aliomba msamaha mara tatu. Nilimwambia mara moja inatosha, na nikamwonyesha jinsi ya kuweka kihariri chake kisiongeze alama hiyo. Msiifute mipangilio hiyo.

Najua mnataka kuhamia TypeScript. Hameni. Node za sasa zinaweza kuiendesha moja kwa moja, na sina ndoa na kahawa. Ila mkihitaji kuongeza maelekezo kwenye mstari wa kwanza, kumbukeni kwamba mfumo wetu unachukua yote yanayofuata env kama neno moja refu. Wekeni -S baada ya env ili iyagawe. Nilipoteza siku nzima kabla sijalijua hilo.

Mtaniuliza nilijuaje kwamba wakati wa kuondoka umefika. Mwaka jana, kipindi cha mvua, nilivuka Ruhwa kwenda Burundi kwenye harusi ya mpwa wangu. Nikirudi, nimesimama kwenye foleni ya mpaka, nikaona milima ya upande wa Nyakabuye imefunikwa na wingu jeusi hadi chini. Nikapiga simu ofisini. Haikupokelewa. Nikapiga tena. Mara ya tatu Maman Esperansi akapokea.

"Papa Swaibu, niko na bantu hapa. Ni nini?"

"Mvua ya Nyakabuye. Naiona kutoka huku."

"Tulifunga tangu saa ine."

"Programu ilisema?"

"Ilisema. Karoli alishapata ujumbe, minamuita tena, akafunga. Sasa eko nakula." Nilisikia watu nyuma yake wakizungumza, mtu anacheka. "Kuko kingine?"

"Hakuna, Maman."

"Basi tutaonana kesho. Usikimbie na ii mvua." Akakata.

Nilibaki nimeshika simu hadi mtu wa nyuma yangu aliponigusa bega. Foleni ilikuwa imesogea. Afisa wa mpaka aliangalia kitambulisho changu, kisha akaniangalia mimi, akauliza kama nimebeba kitu chochote. Nikamwambia sikubeba kitu, akanipisha.